Kuku wa Shemeji Hawakulala kwa Vifaranga

Kagongwa,
Kahama.
Jumapili, 12 Oktoba 2025.

Mpendwa wifi yangu Esta,

Mwangaluka, wifi. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi letu. Miguu yako inaendeleaje, ile ganzi imepungua? Na huko Mpanda mvua zimeanza? Watoto wazima? Sisi hatujambo, ila kaka yako Maige ana kikohozi kidogo. Yeye anasema ni vumbi, mimi nasema ni ubishi, maana dawa hataki.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hukata kila nikifika mahali patamu, na habari hii sitaki ikatike. Ni habari ya mwanao Loveness. Wifi, kaa kitako kwanza.

Unakumbuka alivyokuwa akihangaika tangu amalize kidato cha nne. Basi mwezi wa saba alikwenda semina ya ufugaji pale Kahama, siku tatu, akarudi na daftari limejaa. Mwezi wa nane ukiwa unaisha akaleta vifaranga mia na arobaini na sita. Kila alichokuwa nacho kimo mle ndani. Wakifa wale, mtoto hana tena pa kuanzia.

Banda amelikandika mwenyewe kwa udongo, na chungu cha mkaa kiko katikati. Ukiingia utadhani umeingia kanisani siku ya kipaimara, joto na kelele!

Sasa, vifaranga wakiwa na siku kumi na mbili, akaja kaka yenu mkubwa, shemeji Nkwabi, na mkewe, kutoka Segese. Unamjua, haji mikono mitupu. Kwenye pikipiki alikuwa amening'iniza matetea wawili na jogoo mwekundu mkubwa, zawadi yetu. Nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili.

Na kwetu si unajua, kuku wa mgeni halali nje, maana ni kama umemlaza mgeni mwenyewe nje. Banda tunalo moja tu. Kuku wangu wa zamani tuliwamaliza kwenye harusi ya mdogo wangu. Nikawabeba kuku wa shemeji moja kwa moja hadi mlango wa banda la vifaranga, waingie kwenye joto, wapumzike na safari.

Loveness alikuwa ameshamwamkia baba yake mkubwa, magoti chini, heshima zote. Akainuka, akaenda akaziba mlango wa banda.

"Mama, hawa hawaingii humu."

"Hawaingii vipi? Mbele ya baba yako mkubwa?"

"Hata mbele ya askofu, mama. Nisamehe."

Shemeji akasogea. "Kwani kuku wangu wana nini? Jogoo huyu kawika njia nzima!"

"Baba, kwa macho ni wazima. Lakini kuku mkubwa anaweza kutembea na mdondo, kideri hicho, siku kadhaa kabla hujaona dalili. Na magonjwa mengine ameshayazoea, yeye hayamsumbui, yanawaua wadogo. Hawa wangu wamechanjwa mara moja tu. Mmoja akikohoa humu, mimi nitashika ufagio nizoe mizoga."

Wifi, aibu niliyoiona! Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji akamtazama binti, akanitazama mimi, halafu akaangua kicheko. "Nimewahi kunyimwa mke," akasema, "lakini kunyimwa mlango wa kuku, leo ndiyo mara ya kwanza."

Basi kuku wakapelekwa jiko la zamani, kule mwisho wa kiwanja. Loveness akasema watakaa huko peke yao wiki nne. Vyombo vyao mbali. Asubuhi anawahudumia vifaranga kwanza, wale wageni mwisho, kwa viatu vingine, na mikono anaosha kwa sabuni. Mimi nikasema moyoni, huyu mtoto semina imemzidi.

Tena nisikufiche. Siku ya pili nilitoka kuwapa wale kuku maji, nikaenda kuchungulia vifaranga na ndala zilezile. Nilifukuzwa, wifi! Mtoto niliyemzaa kanishika mkono kanirudisha kama mwizi wa mahindi. Nilinuna mpaka ugali sikula.

Siku ya tano jogoo hakuwika. Nikamkuta amejikunyata, mabawa yameshuka, anahema kwa shida, kinyesi cha kijani. Kesho yake shingo imepinda. Wiki haijaisha, wote watatu wamekwenda. Afisa mifugo wa kata akaja, akasema mdondo huo. Hatukula hata bawa. Walichomwa, wakafukiwa. Kaka yako alisimama pale shimoni kofia mkononi utadhani anazika ndama.

Mimi shimo sikulitazama. Nilikaa nje ya banda nikisikiliza. Kelele zikipungua kidogo tu, nasema basi, mdondo umeingia. Kumbe wamelala! Siku zikaenda, kumi, kumi na tano, ishirini. Jana amewahesabu mbele yangu. Mia na arobaini na sita, wifi! Hajapungua hata mmoja, na chanjo ya pili wamepata. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Bado hujasikia lingine. Huko Segese kuku wa shemeji waliobaki nao waliteketea, karibu uwanja mzima. Akapiga simu mwenyewe: "Huyo binti aliyenifungia mlango, mwambieni aje kutufundisha." Loveness akaenda na mtaalamu wa huko, wakawachanja kuku wa majirani waliokuwa bado wazima, tone moja jichoni. Wazee wazima wamepanga mstari, kuku kwapani, mbele ya mwanangu! Na aliporudi hakuingia hata uani. Alioga na kubadili nguo kwa jirani asiye na kuku. Akili hizo kazitoa kwangu. Kwenu alichochukua ni urefu.

Sasa neno lenyewe lililonikalisha kuandika. Ulisema Desemba utakuja na kuku wawili wa kwenu. Wifi, najua ni upendo, lakini nakuomba usije nao. Lete karanga, lete asali, lete hata mchele. Ukiwaleta kuku nitawapokea kwa mikono miwili, ila watakaa jiko la zamani wiki nne, na wewe likizo yako ni ya wiki mbili. Utarudi Mpanda kuku wako hawajaruhusiwa hata kutusalimia. Na ukikasirika, ukasirike na mimi, si na mtoto. Safari hii mlangoni nitasimama mimi.

Nakutumia michembe ya viazi vitamu kwa mkono wa Pantaleo, dereva wa lori la jirani. Msalimie sana mumeo, shemeji Gregory, na bibi mzaa chema wako, na watoto wote. Loveness anasema shikamoo shangazi. Mungu ailinde nyumba yako na mlango wake.

Mimi wifi yako nikupendaye na maneno yangu mengi,
Nyamizi, Mama Loveness.