Kwa Mwalimu Kokulinda, Uliyeita Majina kwa Kunong'ona

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tulipokulaza udongoni, na jambo la kwanza tunalotaka ulijue ni kwamba Baba bado ana wivu.

Usicheke. Tulidhani msiba ungeuzima. Haukuuzima, umeuchochea tu. Mzee Ndalahwa anaionea wivu shule yako leo kama alivyoionea siku ile ulipoondoka nyumbani na mkeka wa kwanza kwapani.

Ulifungua darasa lako mtaani kwetu Kirumba miaka ile ambayo kila mwenye kabati alifungua duka. Wenzako waliuza mitumba na mafuta ya kupikia. Wewe ukafungua shule ya Montessori, jina ambalo kila jirani alilitamka kivyake. Fimbo hakuna. Mwalimu wa kusimama mbele na kuwaimbisha watoto jedwali la kuzidisha hakuna. Kila mtoto anachagua kazi yake kwenye rafu, anaitandaza juu ya mkeka wake, na mkeka huo haukanyagwi na mtu, hata mwalimu. Akimaliza, anairudisha alipoitoa. Ulikuwa na mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, herufi za msasa za kupapasa kwa kidole, na shanga za kuhesabia ulizozitunga mwenyewe pale sebuleni mpaka macho yakakuiva.

"Yaani wazazi wanalipa ada ili watoto waje kumimina maji kwenye vikombe?" Baba alikuuliza. "Mabomba yamekauka mji mzima, Mama Justa, nyie mnachezea maji?"

"Hawachezi, Baba Justa. Wanafanya kazi."

"Mimi nilichapwa, nikaelewa."

"Ulielewa fimbo," ukamjibu, ukaendelea kutunga shanga zako.

Kisha chama cha ushirika kikapunguza watu, na Baba, karani wa pamba maisha yake yote, akarudi nyumbani kukaa. Hapo wivu ukapata nafasi. Akaanza kukuletea chakula cha mchana mwenyewe, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, akawa anasimama dirishani na sufuria yake iliyofungwa kitambaa. Alikuona umekaa kwenye kile kigoda chako kifupi, uso wako sawa na nyuso za watoto, ukizungumza nao taratibu utadhani dunia nzima haina haraka. Nyumbani uliturudia na sauti iliyokwisha. Uliuliza kama tumekula, ukavua viatu, ukalala.

"Wale unawapa asali," alilalamika, "sisi unatuletea nta."

Nasi, Mama, tulikuwa upande wake. Sisi wanao, Elias na Justa, tulisoma shule ya kawaida, tukiwa tumekaa sakafuni, na huko hatukukosa viboko. Tulipopita pale kwako na kuwaona watoto wa watu wakikung'ang'ania sketi, tulitamani kuwafinya.

Ila lililomchoma Baba kuliko yote ni mchezo wa ukimya. Watoto walikaa chini, macho wamefumba, hakuna hata wa kukohoa. Wewe ulikwenda nyuma ya mlango, ukawaita kwa kunong'ona, mmoja baada ya mwingine. Aliyesikia jina lake aliinuka polepole, akakufuata kwa kunyata, ukamshika mkono. Na kila siku wa kwanza kuitwa alikuwa Luhaga, mtoto wa Odeta muuza dagaa wa soko la Mwaloni.

Baba akahesabu kwa hesabu ya kijijini kwao Kisesa. Babu akigawa nyama, alianza kumwita mwanawe anayempenda, na Baba hakuwa akiitwa wa kwanza hata siku moja. Basi alipomsikia Luhaga akiitwa mwanzo kila mara, alijua kipenzi chako ni nani. Mwalimu mwenzako Wilhelmina anasema alikuwa anamwona dirishani siku za mchezo huo, naye ametulia kama watoto, sufuria inapoa, mpaka jina la mwisho. Alikuwa anangoja nini, mtu ambaye hukuwahi kumtaja jina? Tangu Justa azaliwe ulimwita Baba Justa, kama mwanamke mwenye heshima zake.

Jioni ile hospitalini, pumzi ilipokuwa imebaki kidogo, ulifumba macho ukaanza kunong'ona. Baba akainama karibu na mdomo wako.

"Luhaga," ulisema.

Akaja Rebeka, akaja Chenge. Katikati ya watoto hao ukatutaja na sisi, Elias na Justa, tukashukuru huku tumenuna. Baba alikushika mkono, akangoja zamu yake. Ukanyamaza. Hukuamka tena.

Alipotoka nje hakulia. Alisema tu, "Hata leo hakuniita."

Baada ya mazishi alikwenda darasani, akabeba kigoda chako, akakiweka kando ya kitanda chenu. Wilhelmina alipokuja kukiomba akaambiwa shule ikanunue kingine. Tukimsihi, anatia pamba masikioni. Tulipokaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu ndipo akafoka kabisa: "Andikeni ndugu tu! Lile darasa lisitajwe. Wamekuwa naye mchana kutwa miaka yote, na gazetini tena wamo?"

Jumapili, baada ya misa yako, Wilhelmina alikuja nyumbani pamoja na Luhaga. Amerefuka, Mama, yuko darasa la pili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Baba akamwangalia kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. "Kwa hiyo kipenzi chenyewe ndiye wewe."

Mtoto akababaika. "Kipenzi gani, Mzee?" Wilhelmina akauliza.

"Si huyu aliyekuwa anaitwa wa kwanza kila siku?"

Wilhelmina alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mzee wangu! Huyu aliitwa kwanza kwa sababu hakai! Ukimwacha kidogo ameshaharibu ukimya wa wenzake. Mwalimu alianza na wale wasioweza kungoja. Wanaoweza aliwaacha nyuma, na wa mwisho ndiye aliyemwamini kuliko wote. Watoto walikuwa wanagombania kuwa wa mwisho."

Baba akageuka kumtazama mtoto. Luhaga, kweli bwana, alikuwa ameshainuka mara mbili kwenda kuchungulia kuku.

"Na akimwacha mtu kabisa?" Baba aliuliza, sauti imeshuka. "Asimwite?"

"Hajawahi kumwacha mtu, Mzee. Kama kuna ambaye hajaitwa, basi mchezo haujaisha."

Baba akainuka, akaingia chumbani. Tukatazamana, tukajua kigoda kinarudi shuleni. Akatoka mikono mitupu, macho mekundu.

"Kigoda hakitoki," alisema. "Lakini hao watoto waandikeni. Na mimi mniwekeni mwisho. Msiandike Baba Justa. Andikeni jina langu, asije akalisahau."

Tumefanya alivyosema, Mama, kwa utaratibu wako mwenyewe. Hakuna siku itakayokufuta mioyoni mwetu.

Wanakukumbuka Luhaga, ambaye mpaka leo hatulii, Rebeka, Chenge na wote waliokaa kwenye mikeka yako, Mwalimu Wilhelmina, dada yako Kokushubira wa Bukoba, wanao Elias na Justa.

Na wa mwisho, Ndalahwa, mumeo. Amekaa kwenye kigoda chako, ametulia, anangoja.