Sifuri ya Lewa

Mtopanga, Kisauni

Dada yangu Kaviha,

Shikamoo. Hapo Kaloleni mwaonaje? Goti la mama limepata nafuu, na watoto wamerudi shule? Sisi huku tunapumua, tumshukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini ningelia, nawe ungelia, tusielezane kitu.

Unajua mimba zangu tatu zilivyoharibika. Baada ya ile ya mwisho daktari alitwambia kila mimba ina nafasi kama tatu katika kumi ya kufika. Mume wangu Lewa ni mwalimu wa hesabu. Neno hilo alilishika kama mfa maji. Aliketi na kalamu akitafuta: kabla hatujapata watoto wawili tuliowataka, ni idadi gani ya mimba zitakazopotea inayoelekea kutokea kuliko nyingine yoyote? Akasema idadi hiyo huitwa modi. Ilitoka mbili.

Nikamwambia tumeshapoteza tatu. Akajibu kwa upole kwamba hizo haziingii, hesabu inaanzia leo. Dada, hilo liliniuma kuliko sindano zote. Basi nikamwomba apige ya mtoto mmoja tu. Ikatoka sifuri. Nilifurahi, nikidhani sitapoteza tena. Lewa akainamisha kichwa, akanieleza kwamba kwa mtoto mmoja jibu ni sifuri siku zote, hata nafasi ingekuwa moja katika mia. Sifuri inaishinda kila namba peke yake, lakini namba hizo zikiungana, zinaishinda sifuri, nasi pamoja nayo. Hesabu hiyo hatukuizungumza tena.

Sasa nikwambie nililolificha. Nina mimba ya miezi mitatu. Lewa sikumwambia, niliogopa kumwona akikaa tena na ile kalamu. Leo asubuhi nimeona damu. Kliniki wamenipima, wakasema moyo wa mtoto unapiga, ila wao hawana la kufanya, nikalale nyumbani, nisubiri. Ndipo nikampigia. Alikuja mbio kutoka darasani, mikono ina chaki. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Nikamuuliza mimi, nafasi yetu sasa ni ipi. Akasema hajui. Akanifunika miguu kwa leso yangu ya kujifunga, akakaa sakafuni kando ya kitanda, na hapo yupo mpaka sasa.

Njoo, dada. Najua huna la kutufanyia. Njoo tu ukae nasi.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama mwambie aniombee, lakini usimwambie mimba ina miezi mingapi, asije naye akaanza kuhesabu.

Mdogo wako,
Purity