Kanyana Alinijua Upande Mmoja

Jabe, Bujumbura
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua habari ya hilo goti. Umeenda kupimwa kama tulivyokubaliana, au bado unalipaka mafuta na kusema kesho? Na kile kikohozi cha Zuhura cha asubuhi kimekwisha? Mimi ni mzima. Yasini naye ni mzima, ila mgongo unamuuma, maana wiki hii bandarini wamepakua saruji tu. Barua hii anakuletea fundi injini wa boti ileile iliyoleta saruji. Mpe chai, ni mtu mzuri.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, Mama, unaisikiliza na nyumba nzima. Ninayoandika hapa yanamhusu Zuhura na sitaki ayasikie kwanza yeye. Soma peke yako ukishamaliza kupika.

Unakumbuka mimi na Yasini tulivyomwacha binti yetu kwako Ujiji. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, homa haimtoki, na chumba chetu cha Jabe kilikuwa kinaingia maji hadi chini ya kitanda. Ukasema, mwacheni kwanza, mkipata mahali pa kukaa mtu mtakuja kumchukua. Sasa ana miaka minne. Neno lako sikulisahau, na ndilo lililonifanya nikubali kazi ya farasi.

Uliniuliza kwenye simu mwanamke anafanya nini na farasi. Mwanzo nilikuwa nafagia tu. Ni klabu ya watu wanaojifunza kupanda farasi, iko upande wa ziwa. Mafuta ya magari hayapatikani siku hizi, kwa hiyo natoka Jabe kwa mguu alfajiri, napita kwenye viwanda na harufu yao ya sabuni, nafika jua linachomoza. Nilifagia mabanda na kufua vitambaa vinavyowekwa chini ya tandiko. Kisha mtunzaji mmoja akaacha kazi. Madamu, yule mama anayeisimamia klabu, akaniita.

“Mama Zuhura,” akasema, “we uko na mikono ya polepole. Kuna huyu mutoto wa farasi, mutu hamugusi. Jaribu kidogo.”

Hapa wote wananiita Mama Zuhura, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Zuhura.

Masharti ya Madamu yalikuwa mafupi. Nikimzoesha huyo farasi mpaka abebe mtu kabla shule hazijafungwa, nitakuwa mtunzaji wa kudumu na nitapewa chumba nyuma ya stoo ya majani. Nilikwenda kukiona. Sakafu ya saruji, dirisha lina wavu, bati halivuji, ua una ukuta. Watoto wa wafanyakazi wanaruhusiwa kuishi. Nikishindwa, farasi atauzwa na mimi narudi kwenye ufagio. Nikasema sawa.

Farasi mwenyewe ni jike, ana miaka mitatu, rangi yake ni ya karanga iliyokaangwa ikapitiliza. Wanamwita Kanyana. Kwa Kirundi ni kandama kadogo ka kike, maana hapa watu wanajua ng'ombe kuliko farasi. Hakuwahi kupigwa. Ila ukimsogelea alikuwa anakimbilia kona ya mwisho ya uwanja na kutetemeka ngozi, kama maji yakipulizwa na upepo.

Aliyenielekeza ni Mzee Melkiadi, mtunzaji wa zamani kuliko wote. Wakati huo mguu wake ulikuwa kwenye plasta, farasi mwingine alimkanyaga, kwa hiyo alikuwa anakaa kwenye kiti barazani na kunipigia kelele kutoka mbali. Uwanja umezungushiwa mbao, na akiwa amekaa zinamfika machoni. Alikuwa anaona kichwa changu na masikio ya Kanyana, basi.

“Usivute,” alikuwa anasema. “Usifanye haraka. Akikataa leo, kesho iko.”

Sitakuchosha na kila siku. Siku za kwanza nilimpelekea majani na kuondoka. Kisha akakubali mkono shingoni, kisha brashi, kisha kamba ya kichwani, kisha kutembea nyuma yangu. Nikamwekea gunia mgongoni, akaliangusha, nikaliokota, akaliangusha, nikaliokota, mpaka akachoka yeye. Mkanda wa tandiko ndio ulikuwa shida, kwa sababu hakutaka kitu kimzunguke tumbo. Nikaenda nyumbani nikachukua ile mbeleko ya Zuhura, ya maua ya njano, uliyoipinda mwenyewe. Ni laini kwa kufuliwa. Nikamfunga nayo tumboni, si kwa kubana, nikatembea naye. Siku ya tatu akasahau kama amefungwa.

Melkiadi akauliza kutoka barazani, “We mama, unamubeba ao unamufundisha?”

“Vyote,” nikasema.

Baada ya hapo nikawa nalala kwa tumbo juu ya mgongo wake, miguu inaning'inia, nashuka. Ndipo siku moja nikapitisha mguu nikakaa. Alisimama. Masikio yote mawili yaligeuka nyuma kunisikiliza. Nikasoma Alhamdu moja taratibu, nikashuka, nikampa karoti. Nilikwenda kumwambia Madamu kwamba Kanyana yuko tayari.

Madamu akaja asubuhi yake. Melkiadi alikuwa ameshatolewa plasta, akasema atampanda yeye, yeye ndiye anayejua. Akachukua tandiko akamsogelea. Kanyana alimwangalia mara moja tu, akaruka kando, akavunja mbao mbili za uzio. Tandiko lilianguka huku na Melkiadi akakaa kule, kwenye samadi.

Madamu hakupandisha sauti. “Ulisema yuko tayari,” akaniambia.

Nilimwendea Kanyana, nikamshika, akatulia. Nikaokota tandiko nikamvisha, nikafunga mkanda, nikapanda. Hakutikisika. Madamu akamwangalia Melkiadi. Melkiadi bado alikuwa amekaa palepale chini, ananiangalia miguu.

“We mama,” akasema. “Shuka.”

Nikashuka.

“Panda tena.”

Nikapanda.

“Shuka. Sasa zunguka, upande huku kwingine.”

Nikazunguka. Kanyana naye akazunguka, nikajikuta nipo palepale kuliani kwake. Nikajaribu tena, akazunguka tena. Mara ya tatu Melkiadi alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye samadi.

“Nani alikuambia kuanza kulia? Mutu anapandaka farasi kushoto. Kamba kushoto, seli kushoto, kila kitu kushoto.” Seli ndilo tandiko, wao wanalitaja kwa Kifaransa.

“Mimi kila kitu naanza kulia,” nikasema.

“Ah. Muswahili.” Hapa wakisema Mswahili wana maana ya Mwislamu. “Madamu, huyu mama aliingiza farasi musikitini.”

Hata Madamu alitabasamu, lakini kidogo. Wanafunzi wote wa klabu wanapandia kushoto, ndivyo wanavyofundishwa, na farasi asiyemkubali mtu kushoto hafai kazi yoyote pale. Akaangalia kalenda kwenye simu yake. “Shule inafunga nyuma ya wiki mbili,” akasema, maana yake zimebaki wiki mbili, akaondoka.

Mama, kosa hilo nimelitoa kwako. Kiatu kulia, mkono wa gauni kulia, mlangoni mguu wa kulia, kijiko mkono wa kulia. Hukuniambia farasi ana utaratibu wake. Wala sikulaumu, nilipomwambia Yasini alicheka na yeye.

Melkiadi alinieleza vizuri baadaye, tukiwa tunapigilia zile mbao. Farasi macho yake yako pembeni. Jicho la kulia linaona ya kwake na la kushoto linaona ya kwake, na kile ambacho jicho moja limekizoea, lile lingine halina habari nacho. Kanyana alinijua kwa jicho la kulia. Kwa la kushoto nilikuwa mtu mwingine kabisa, na Melkiadi pia, na gunia, na tandiko. Ilibidi nianze upya kama hatujawahi kuonana.

Nikaanza upya. Mkono shingoni, brashi, gunia, mbeleko. Mkono wangu wa kushoto wenyewe haukujua kazi, nilikuwa nadondosha brashi, nafunga fundo linafunguka. Nilisema Bismillahi upande huo huo wa kushoto na nikaendelea. Siku nyingine alinikubali, siku nyingine alizunguka tangu asubuhi mpaka nikaona kizunguzungu. Siku zilikuwa zinakwisha. Nilikuwa nikitoka kazini napita mbele ya kile chumba bila kukiangalia.

Siku moja tunampiga brashi, mimi kushoto na Melkiadi kulia, akaniuliza, “Huyu Zuhura ni mutu ao ni jina tu? Mi sijamuonaka.”

Nikamwambia ni mtu, yuko Ujiji kwa bibi yake, ana miaka minne.

“Anakujua?”

“Tunaongea kwenye simu kila Ijumaa.”

Aliendelea na brashi. “Basi anakujua na sikio,” akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu wa kutania, lakini hapo hakutania. Tangu siku hiyo natembea na neno lake hilo.

Siku mbili kabla ya shule kufungwa Madamu alivaa viatu vyake vya kupandia akaja mwenyewe. Nilimshikia Kanyana kichwa. Madamu akaja kushotoni, akamgusa shingo, akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, akasubiri, akapanda. Kanyana alipiga kwato moja chini. Nilihisi pumzi yake kwenye mkono wangu, ndefu, halafu akasimama kawaida. Walizunguka uwanja mara tatu kwa kutembea tu, mimi nimesimama katikati. Madamu aliposhuka alisema “bon,” yaani vizuri, akaenda ofisini. Kesho yake nikapewa ufunguo.

Kwa hiyo chumba tunacho. Tumehamia Jumanne iliyopita, ila leo nimerudi Jabe kumalizia vyombo, ndiyo maana barua inasema Jabe.

Yasini alitaka siku ileile tumtume mtu. Boti ipo, akasema, mjomba atampandisha Kigoma, Ijumaa mtoto yuko hapa. Nikamwambia hapana. Akakasirika. “Miaka yote hii unalilia chumba,” akasema, “umepata chumba unamkataa mtoto.”

Simkatai, Mama, wewe unajua. Lakini Idi iliyopita nilipokuja kwa zile siku mbili, Zuhura alisimama nyuma ya kanga yako, akakuuliza kwa sauti ya kunong'ona, lakini nilisikia, “Bibi, mgeni ataondoka lini?” Ukamwambia huyu ni mama yako, nenda kamsalimie. Akaja akanisalimia, shikamoo, akarudi mbio. Nilicheka pamoja nanyi. Njiani kurudi sikucheka. Mtoto akiletwa hapa Ijumaa na boti ataletwa kwa mama ambaye kwake ni sauti ya simu tu, katika mji asioujua, aamke kati ya watu wanaosema mutoto na apana. Atatetemeka kwenye kona. Naweza kumshika, ni mdogo, hana nguvu za farasi. Sitaki kumpata kwa sababu hana nguvu.

Nimemwomba Madamu siku kumi na tano. Alinung'unika, ndiyo kwanza nimeajiriwa, lakini amekubali, na Melkiadi atamtunza Kanyana. Yasini naye amekubali, kwa shingo upande, amesema atapaka chumba chokaa nikiwa huko. Nitakuja na boti ya mwisho wa mwezi. Nitafua nguo zake, nitamwogesha akitaka, nitamsuka akitaka. Zikiisha siku kumi na tano na akawa bado hataki, nitarudi peke yangu, nitafanya kazi, nitakuja tena.

Na wewe pia, Mama. Umemlea zaidi yangu. Analala na mguu wake mgongoni kwako kila usiku, bila huo utalalaje? Hilo labda tukae tuliongee tukiwa wawili, uniambie ukweli wako, hata kama ni mzito.

Nisalimie mjomba Hamisi fundi cherehani, mwambie zile suruali za Yasini bado zinadumu. Shangazi Mwanaisha wa dagaa, na mumewe. Shemeji yangu mwalimu, na mkewe aliyejifungua, nitamletea mtoto kitenge. Jirani yetu bibi wa maandazi, anayemficha Zuhura ukimtafuta, mwambie nimeambiwa.

Ukishasoma barua hii iweke mahali ambapo hataifikia, ameanza kuchora kila karatasi. Na nikija, Mama, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie nimekuja kumchukua. Mwambie nimekuja.

Mwanao,
Saada