Somo la Kufunga Friza

Bi Ardis, shikamoo, nimefika ukingoni, naomba unishike mkono. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa mjini Eau Claire, nasomea shahada ya uzamili ya usanifu wa mafunzo, yaani kutunga masomo ya kufundishia watu kazi, na masharti karibu yote nimeyatimiza, kozi nimemaliza, mazoezi ya kazini nimefanya, mkoba wa kazi zangu umejaa, limebaki moja tu, kutunga somo kwa watu wenye shida ya kweli, kulijaribu kwao, kisha kulitetea mbele ya jopo. Basi nikachagua jiko la kanisa letu, maana kila Ijumaa ya Kwaresma tunakaangia mtaa mzima samaki, na kila Ijumaa akina mama wanaacha mlango wa friza wazi, samaki wanayeyuka. Nikatunga somo, Bi Ardis, lina muziki, lina samaki wa katuni anayelia, "Nifungieni jamani, nasikia joto!" Wakacheka hadi machozi, mtihani wakapata mia kwa mia wote, na Ijumaa ile ile mlango ukaachwa wazi kama kawaida!

Ijumaa iliyofuata nikaenda kusaidia mwenyewe, nikatoa trei ya samaki kwa mikono miwili, nikaondoka zangu, mara mama mkwe wangu Verna anapiga kelele, "Mwalimu, mlango!" Jiko zima likaangua kicheko. Aibu niliyoiona! Sasa nimeelewa kwamba kufunga kila mtu anajua, mikono ya kufungia ndiyo haipo, imejaa trei, somo langu halikuhitajika kabisa. Utetezi ni Jumatatu, na mume wangu Gunnar ananiambia, "Ijumaa hii simama pale, funga mwenyewe, andika somo limefaulu, nani atajua?" Nikisema kweli si nitafelishwa?

Marit

Marit, pole, ila niache nicheke kwanza. Samaki anasikia joto! Haya, nimemaliza.

Umeandika mwenyewe: kutunga, kujaribu, kutetea. Hilo la kwamba lazima lifaulu umelitoa wapi? Woga tu huo. Kosa lako liko kwingine, na ni ugonjwa wa fani yenu: umeona shida, ukakimbilia kutunga somo kabla hujabeba trei hata moja. Hapo jopo litakubana, na lina haki. Kiri.

Kesho asubuhi mpigie msimamizi wako, mweleze yote bila kupamba. Ijumaa weka meza kando ya friza, trei ipate pa kutua, uone kama mlango utafungwa. Matokeo ya somo na ya meza, mazuri au mabaya, yapeleke yote kwa jopo. Naye Gunnar mvalishe aproni abebe samaki, maana naona ana nafasi ya kufikiri mambo mengi.

Ukifelishwa utalia, utaoga, utarudia muhula. Lakini ukipita kwa uongo, kesho utakabidhiwa wauguzi uwafundishe kupima dawa, nako utaandika kwamba somo limefaulu. Mimi nina umri wa kulazwa hospitali, mwanangu. Sema kweli.