Shikamoo ya Kulala Chali

Jumatatu, 10 Aprili 1961
Nimeanza jaribio saa moja asubuhi. Siku kumi na nne chali – hakuna kukaa, hakuna mto. Naandika kwa penseli, kalamu ya wino haiandiki ukiielekeza juu. Dokta, Mzungu wa hospitali yetu, anachunguza mwili utakuwaje kwa watu watakaopelekwa angani, huko wasikokuwa na uzito. Anasema kitanda ndicho kinachokaribia hali hiyo. Nikimaliza ataniandikia barua ya kuingia chuo cha udaktari Kampala. Nikiinuka hata mara moja, basi. Yeye anaondoka tarehe 25, hana muda wa kuanza upya. Miaka sita nimefunga vidonda vya watu! Maji nimeyavulia nguo.

Alhamisi, 13 Aprili
Redio: Mrusi ameizunguka dunia jana, amerudi mzima. Hata saa mbili hazikufika. Dokta amenipima mapigo mara mbili. Nesi Raheli kacheka – mwenzako kazunguka dunia, wewe hata kitanda hujakizunguka.

Jumapili, 16 Aprili
Kengele ya kanisa. Sikujali. Raheli ananiosha miguu, naona ni ya mtu mwingine. Mchana nimetazama bati tu.

Jumatano, 19 Aprili
Baba amekuja. Kwa miguu kutoka kwetu Kinyangiri hadi Iguguno, halafu lori. Ameambiwa mwanawe yuko hoi kwa ugonjwa usio na jina.

Kasimama mlangoni, kofia mkononi, anangoja. Kwetu humwamkii baba umelala. Nilipokuwa mdogo nina homa, mama aliniinua kwa makwapa ndipo nikamwamkia. Leo nimesema shikamoo nikiwa chali. Hakuitikia. Akamuuliza Raheli naumwa nini. Raheli kasema haumwi kitu, mzima kabisa.

Bora angedanganya. Baba alivaa kofia yake akatoka.

Ijumaa, 21 Aprili
Hajaondoka. Anakaa barazani, chakula hagusi. Raheli anasema ati hawezi kula mahali ambapo mwanawe hajamwamkia. Siku ya tatu hii, na mzee ana kikohozi.

Dokta kamwita aje aelezwe. Mimi ndiye mkalimani, nimelala! Nimetafsiri yote kwa Kinyiramba: anga, uzito, damu. Baba kasikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu – na huko juu, nani anamwamkia nani? Dokta kauliza amesema nini. Nikajibu, anashukuru.

Nimetafuta aibu moyoni, sikuipata. Nilikula ugali wote.

Jumapili, 23 Aprili
Kesho saa moja namaliza. Lori la Iguguno linaondoka leo saa nne. Baba kamwambia Raheli atapita kuniaga, na hatarudi tena hapa, hata kwa maziko yangu.

Nimemwomba angoje hadi kesho. Raheli kapeleka ujumbe, mzee kakataa.

Dokta yuko kanisani. Raheli kasema anakwenda stoo kuhesabu bendeji, hataona kitu. Lakini kesho Dokta ataniuliza uso kwa uso, nami sijui kumdanganya. Amenitendea wema.

Saa tatu na nusu. Nimevuta miguu kwa mikono hadi ukingoni. Siisikii. Naogopa – angalau naogopa! Fimbo ya baba inagonga sakafu ya barazani. Imefika mlangoni. Hajabisha hodi. Anangoja. Naweka penseli chini.