Mitundu Yenye Alama Nyekundu

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Wameweka alama. Nimekwenda kisimani asubuhi na jirani yangu Zuena, tukakuta kila mti wa mtundu, kuanzia bondeni mpaka njia ya zamani ya misafara, umepakwa msalaba wa rangi nyekundu. Zuena akatua ndoo. Akasema hata ng'ombe wa mnadani hawapigwi chapa ovyo namna hii. Tukacheka kidogo, kisha tukachota maji.

Huu ni msitu wa kijiji. Wa kijiji, siyo wa Wenceslaus! Yeye ni mwenyekiti tu. Kawapa watu wa malori miti yote iwe kuni za kukaushia tumbaku. Mgambo wake anadai mkutano ulifanyika na tulikubali. Ulifanyika wapi, tumboni mwake?

Walipokata upande wa magharibi, kisima cha kule kilikauka. Wanawake wa kule sasa wanachota kwetu. Hiki kikifa, sote tutachota wapi? Ndilo swali langu na sina jingine.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemwambia mume wangu. Masanja alikuwa anaziba nyufa za bani letu la kukaushia tumbaku kwa udongo. Akaendelea kuziba. Baadaye akauliza, na sisi tumbaku yetu tutaikausha na nini, mama Recheli? Kwa jua?

 Nachukia anapokuwa na haki. Tumbaku ndiyo iliyoezeka nyumba hii bati, na bani linakula miti kuliko mchwa.

Lakini siyo kuni tu zinazomfunga mdomo. Mkulima mwenzetu Nestory aliuliza habari za msitu wa magharibi, mbele za watu, kwa adabu kabisa. Mgambo wakamchukua jioni. Alirudi anachechemea, na mpaka leo ukimsalimu anaangalia pembeni kwanza ndipo aitikie. Wanaume wote wa hapa wameuona mguu wa Nestory. Wanapanga maneno yao kufuatana na ule mguu.

Mimi nimeuona pia. Naogopa. Ila hasira yangu ni kubwa kuliko woga, sijui nimeirithi kwa nani.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepata.

Nilipanda darini kutafuta ungo, nikakutana na mizinga ya nyuki ya marehemu baba. Mizinga ya magogo, mizima, imekaa na panya tangu tulipomzika. Nikabaki nimeishika.

Huku kwetu Ipole mti wenye mzinga wa mtu haukatwi. Hakuna aliyeandika, kila mtu anajua. Ukimkatia mtu mti wa mzinga wake, hupewi tena moto wala chumvi na majirani. Wenceslaus mwenyewe kalelewa kwa asali, baba yake alirina na baba yangu.

Nimemwendea Zuena mbio. Akasema, wewe Benedikta una wazimu, halafu akaniuliza kamba ziko wapi.

Alhamisi, 9 Novemba

Mwili wote unauma na nina furaha mbaya.

Wanawake wamekuja kwenye mitundu yenye msalaba na mizinga ya baba zao, ya waume zao, mingine wameiazima bila kuomba. Mwanamke hapandi mti wa nyuki, ndivyo tulivyolelewa. Atawafukuza nyuki, ataanguka, hatazaa. Nikasema mimi nimeshazaa, kwa hiyo nitaanza. Nikavua kandambili nikapanda. Goti limechubuka, sikuanguka.

Zuena alivaa suruali ya mumewe chini ya khanga. Alipofika kwenye tawi akaita kwamba huku juu kuna upepo, ndiyo maana wanaume walikuwa wanatunyima. Nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka.

Mmoja alileta mzinga wa magome. Nikautundika, lakini niliutazama sana. Kumenya mtundu gome ili kumjengea nyuki nyumba, mtundu wenyewe ukafa umesimama. Hayo tumeyafanya sisi, siyo malori. Nikimlaumu Wenceslaus nisijisahau.

Ijumaa, 10 Novemba

Kaja mwenyewe, kwa pikipiki. Nikamkaribisha, nikampa kigoda. Adui naye ni mgeni.

Akaniita dada. Akasifu mizinga. Akasema kapita akigonga mashina moja moja, na hakuna mzinga hata mmoja uliovuma. Mzinga usio na nyuki, akasema, ni gogo lililopandishwa juu ya mti, na gogo ni kuni. Jumatatu watakata. Atakayekuja na shoka lake kuwasaidia, kuni za bani lake zitashushwa kwanza.

Hayo ya mwisho hakuniambia mimi. Alimtazama Masanja.

Akaongeza kwamba angesikitika kuona familia nyingine inapata matatizo kama ya Nestory. Kwa sauti ya upole kabisa, anapuliza chai yangu! Nikamwambia atakapomaliza kikombe akiache hapo hapo, nitakiosha mara mbili.

Masanja hakunizuia. 

Jumamosi, 11 Novemba

Tumepaka nta ndani ya mizinga yote na kusugua mchaichai milangoni. Nyuki wanapenda harufu hiyo. Tumekaa chini tukisikiliza. Kimya.

Njooni basi. Mnangoja nini?

Jumapili, 12 Novemba

Mvua asubuhi. Baada ya ibada nikaona nyuki watatu, wanne kwenye mlango wa mzinga wa Zuena, wanaingia na kutoka kama wapangaji wanaokagua chumba. Kisha wakaondoka. Nimelia mbele ya watu, sikujali.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Masanja ananoa shoka. Nimepita. Hakuinua kichwa. Tumekula ugali sahani moja, na kila nilipotaka kumuuliza nilihofia jibu.

Jumatatu, 13 Novemba

Naandikia juu ya mti. Daftari liko pajani, mgongo nimeuegemeza kwenye mzinga wa baba. Kama mzinga mtupu ni gogo, basi huu una mtu. Ndivyo nilivyowaambia nilipopanda. Zuena yuko kwenye mtundu wa kushoto, anawatukana mgambo kwa ufundi mkubwa. Wengine wako juu pia, lakini hatutoshi. Mizinga ni mingi kuliko sisi.

Kutoka huku naiona njia ya misafara. Babu wa babu yangu aliipita na pembe za tembo begani, mali ya wengine. Kuna walioipita na minyororo shingoni. Tembo wakaisha, vijiji vikabaki na wazee, mitundu ikaona yote. Sasa limesimama lori pale pale.

Wenceslaus ananiita nishuke, anasema nitaumia. Nimemjibu akate, lakini aite watu wote waje waone anamwangusha nani. Ananitazama, anawatazama wake. Nestory kaja pia. Kasimama mbali, na mguu wake, lakini kaja.

Na wanaume wenye mashoka wamefika. Masanja yumo. Kwa hiyo jibu ndilo hilo.

Msumeno wa chenso umewashwa.  Wanaanza na mtundu wa kulia, ule ambao mzinga wake hauna mtu.

Masanja katoka kundini. Anakwenda kwenye mtundu huo huo. Mgambo wanampisha, wanadhani kaja kusaidia. Shoka kaliweka chini, kwenye majani. Wenceslaus anamuuliza kitu, simsikii kwa mngurumo wa mashine.

 Kainama chini ya mti, anavua viatu, anautazama ule mzinga usio na mtu.