Mvinyo Uliouonja Mwezi wa Ramadhani

Mjomba wangu mpendwa,

Nimeandika kwa herufi kubwa, maana wewe ulikuwa ukisoma huku karatasi imegusa pua, na sidhani kama huko wanagawa miwani. Mimi mwipwa wako mkorofi nimekuwa kikongwe sasa, na ukorofi haujapungua. Magoti yameniacha, mdomo bado ninao.

Leo asubuhi mjukuu wangu amefungua gunia la kopra uani, na harufu ile ikanirudisha kwenye ghala lako la Palma. Nimekaa kitako pale pale, chai ikapoa. Nimeliona lote: sabuni za mche zimepangwa, ng'onda wananing'inia, na kule kwenye kona yenye ubaridi, magarafau ya Shefe, Mreno aliyetawala mji wetu, yale machupa makubwa ya mvinyo yaliyovikwa vikapu. Hukuyapenda hata kidogo. Lakini ghala lako ndilo lilikuwa la saruji, na serikali ikisema kitu kiwekwe kwako hukuulizwa kama moyo wako umeridhia. Ukayafunika kwa mkeka uliochakaa, kama mtu anayemsitiri mgonjwa.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa mepesi kabla ya vita ya uhuru? Natali, Krismasi yao, ikikaribia ulimwita yule Mmakonde mgema wa Diaca, aliyekuwa akikuuzia nazi. Yeye ndiye alikuwa ulimi wako. Anaonja, wewe umesimama mlangoni umekusanya kanzu isirukiwe na tone, unamwangalia usoni. Akiinua nyusi, garafau linakwenda nyumbani kwa Shefe. Akitema, linakwenda jikoni kuwa siki. Mkeo alikuwa akikutania kwamba unachagua mvinyo kwa kuchungulia sura za watu. Nawe ulijibu kwamba mke pia ulimchagua hivyo hivyo, na hujajuta. Tulicheka sana enzi zile.

Kisha vita ikaingia. Barabara ya Olumbi ikazikwa mabomu, mgema na jamaa zake wakaingia msituni, mume wangu akavuka Ruvuma, nami nikarudi kukaa kwako. Ukabaki na magarafau bila uso wa kutazama.

Mwaka ninaoukumbuka leo ni ule ambao Idi na Natali zilifuatana karibu karibu. Amade, kitinda mimba wa mama, alikuwa amefungwa posta, kituo cha utawala cha Shefe. Walisema amekamatwa akiwapelekea chumvi watu wa msituni. Mpaka leo sijui kama ni kweli, ila natumai ilikuwa kweli. Waliokamatwa kabla yake walipakiwa kwenye boti na kupelekwa ngomeni, gereza la Wareno kule kisiwani, na hatukumwona hata mmoja akirudi. Boti nyingine ilikuwa inangojwa baada ya sikukuu.

Ulikwenda kumwombea. Uliporudi kanzu ilikuwa imelowa jasho mgongoni, ukatueleza umewekwa juani mpaka adhuhuri. Shefe alikukumbusha kwamba mwaka uliopita mvinyo wa meza yake ulikuwa siki tupu, akaaibika mbele ya wageni. Safari hii uchague wewe mwenyewe. Meza ikiwa nzuri, ataliangalia suala la kijana. Ikiwa mbaya, mama yake aje kumuaga. Mama alikaa chini akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Nawe unajua kwetu mtoto ana baba, lakini likimfika jambo macho yote yanamgeukia mjomba. Yakakugeukia.

Kesho yake, baada ya alasiri, ukaniita ghalani nikushikie garafau. Ulikuwa umepanga vikombe vya kahawa juu ya pipa. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ukaanza kwa njia uliyoijua, njia ya samli: unamimina kidogo kiganjani, unasugua, unanusa. Ukanusa garafau la kwanza, ukanusa la pili, ukanusa yote. Ukaniambia kwa unyonge kwamba yote yananuka dhambi na huwezi kuyatofautisha.

Hapo nikasema neno ambalo mtoto wa kike hamwambii mjomba wake. Nilisema, "Mjomba, nipe mimi nionje. Wiki hii sifungi."

Ulitazama sakafu. Masikio yako yalibadilika rangi. Nilijua umeelewa kwa nini sifungi, nikatamani ardhi inimeze. Kisha ukasema taratibu, "Hapana, mwipwa wangu. Kosa la nyumba hii nalibeba mimi. Wewe shika chupa."

Nikashika chupa. Ulikuwa umefunga tangu alfajiri, midomo imekauka. Ukainua kikombe, na kwa mazoea ya maisha yako yote ukaanza, "Bismi..." Ukanyamaza. Mjomba, nimeona mengi katika vita ile, lakini uso wako wakati ule ndio unaonijia nikiwa peke yangu. Ulikuwa hujui mtu anaanzaje kunywa bila kumtaja Mungu. Ukafumba macho, ukanywa.

La kwanza ukakunja uso mpaka ukapotea macho. La pili ukakohoa. Ulijaribu kutema, lakini ukasema ukitema hujui lolote, ladha inakaa kooni. Kwenye garafau la mwisho, lile dogo kuliko yote, ukasita. Ukaonja tena. Ukanitazama kwa hofu, ukasema, "Huu mtamu, jamani." Kilichokutisha hakikuwa ubaya wake, bali kwamba ulimi wako umeupenda. Ukaweka alama ya mkaa kwenye kikapu chake, ukakaa juu ya gunia, ukafunika uso kwa kofia.

Sisi watu wa pwani ni watu wa halua. Mgeni tukimheshimu tunamzidishia sukari. Basi ukampelekea Shefe ule mtamu kuliko yote, kwa nia safi kabisa. Baadaye mpishi wake ndiye aliyetueleza, huku akishika mbavu, kwamba mvinyo ule ni mkali, ni wa kunywewa kidogo kidogo baada ya chakula. Wageni wa Natali waliunywa kwa bilauri, pamoja na mbuzi wa kuchoma, kwa jinsi ulivyokuwa ukiteremka vizuri. Kabla ya alasiri Shefe alikuwa akiimba huku amemkumbatia kapteni, akasema leo anampenda kila mtu, kijana wa muuza duka afunguliwe aende kwao. Askari wakafungua mlango kabla hajabadili mawazo.

Lakini sisi tulikuwa tumeshalipa. Jioni ile ya kuonja ulitafuna karafuu, ukasukutua kwa chumvi, ukasugua meno kwa mkaa, na harufu haikutoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukisalisha tarawehe. Usiku ule hukwenda, wala uliofuata. Ukasema huwezi kusimama mbele ya watu na kinywa kile. Jirani alikuwa amekusikia harufu ukimrudishia chenji yake, na Palma ni ndogo. Siku ya Idi ulikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Mwalimu wa madrasa alikwambia siku moja uliyokula ni siku moja ya kulipa. Wewe ukafunga na kufunga mpaka mkeo akalia. Na mbele ya safu hukusimama tena hadi kufa kwako.

Ukatukataza, mimi, mama na mkeo, tusiseme kwa nini ulionja. Ulihofia habari ikizunguka itamfikia Shefe kwamba watu wanamcheka, amemwachia mfungwa kwa ulevi, naye atamfuata Amade upya. Tukatii.

Amade mwenyewe alirudi akiwa amekonda, na habari zako alikuwa ameshazisikia kutoka kwa askari: mjomba wake anakunywa mvinyo wa Shefe mchana wa Ramadhani, yeye akiwa kifungoni. Aliingia dukani, hakukupa mkono. Alisalimia akiwa mlangoni, akapita zake. Nilifungua kinywa, ukanizuia kwa jicho. Alipokwisha kwenda ulisema, "Mwache anichukie. Si yuko hapa, anachukia?" Ukaendelea kupima mchele.

Nimekukumbuka kwa hasira pia, mjomba, tusidanganyane. Uhuru ulipokuja, Shefe alipopanda boti akaenda zake, ungeweza kusema. Nilikuomba. Ukasema maneno yakikaa sana ndani yanageuka siki, tuyaache huko huko ghalani. Ukacheka peke yako. Mwaka uliofuata tukakuzika, na Amade alisimama mbali, mikono nyuma.

Mdogo wangu huyo sasa ni mzee wa ndevu nyeupe, ana watoto, wajukuu na kitukuu mmoja mwenye masikio yako. Ndiye anayetusomea hitima ya jamaa kila mwaka kabla ya Idi. Anataja marehemu wote, hata yule bibi aliyefia Mtwara ambaye hakuna anayemjua. Jina lako analiruka. Mwaka huu pia ameliruka, na mtoto mmoja akauliza kama bibi, mama yetu, alikuwa na kaka. Akajibu kwamba alikuwapo mmoja, mlevi.

Basi, nimeshindwa. Nakupenda kuliko ninavyoiheshimu amri yako. Ndiyo maana barua hii nimeiacha wazi, na kabla ya mtu mwingine yeyote ataisoma yeye. Nisamehe. Lala salama, mjomba wangu, uliyenilea na kunitania.

Na wewe Amade, najua umefika hapa. Kila mtu uliyemzaa anapumua kwa sababu yake. Mwakani anza na jina lake.

Mwipwa wako mkorofi,
dada yake Amade